Rangi ya kucha kwenye chungu: Jinsi ya kupamba nyumbani, na vyungu ambavyo hupaswi kuvigusa

Kibiti. Kwenye mikoba na makabati ya vipodozi ya nyumba nyingi za Pwani kuna vichupa vya rangi ya kucha vilivyotumika nusu. Kimoja kilinunuliwa kwa harusi ya shoga, kingine kwa Idi, kingine rangi yake ilipendeza dukani lakini haikupendeza kidoleni. Vinakaa hapo mpaka vinaganda, kisha vinatupwa.

Sababu mojawapo kila mtu wa Kibiti na Rufiji anaijua. Rangi ya kucha inaziba kucha na maji ya udhu hayapiti, kwa hiyo wanawake wengi Waislamu wanaipaka siku ambazo hawaswali tu. Siku nyingine wanabaki na hina, ambayo inaingia kwenye kucha yenyewe na haizibi kitu. Rangi ya kucha inakaa juu, kama ngozi nyembamba ya plastiki.

Ngozi hiyo ya plastiki ndiyo inayofanya rangi hii ifae kwa kazi nyingine kabisa: kupamba vyungu vya udongo kwa michirizi inayofanana na jiwe la marumaru. Unadondosha rangi kwenye ndoo ya maji, inaelea, unaichora, unachovya chungu, kinatoka na ua ambalo halitajirudia tena. Video zake zimejaa mitandaoni, na nyingi ni za sekunde 30 na muziki mzuri.

Shida ni kwamba video hizo zinatumia chungu cha maua cha kiwandani, kikavu, kwenye nyumba yenye feni na jiko la umeme. Mtu wa Bungu, Nyamisati au Salale ana chungu kilichochomwa kwa kuni na jiko la mkaa hatua tatu kutoka hapo alipokaa. Mambo yanabadilika.

Kwa nini rangi inaelea

Rangi ya kawaida ya kucha ni naitroselulosi, yaani pamba au nyuzi za mti zilizopikwa kwa asidi, iliyoyeyushwa kwenye vimiminika vinavyoruka haraka hewani. Vikubwa kati ya hivyo ni asetati ya ethili na asetati ya butili. Ile harufu kali unayoisikia ukifungua kifuniko ni vimiminika hivyo vikiondoka.

Vyote viwili ni vyepesi kuliko maji. Juu ya maji pia kuna mvuto, ule ule unaomwezesha mdudu kutembea juu ya dimbwi bila kuzama. Tone la rangi likigusa maji, mvuto huo unalivuta pande zote kwa wakati mmoja, linatanuka na kuwa duara jembamba sana. Vimiminika vinaruka, inabaki ngozi ya rangi imelala juu ya maji. Kitu kikavu kikipita hapo, ngozi inakikumbatia.

Wazo lenyewe ni la zamani mno. Wajapani walielea wino juu ya maji na kuunasa kwa karatasi karne nyingi kabla rangi ya kucha haijatengenezwa. Waturuki wana sanaa yao ya ebru, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Tofauti ni kwamba wao huandaa maji na rangi kwa utaratibu mrefu. Rangi ya kucha imerahisisha kila kitu, na imekuja na hatari zake.

Jambo moja la kuangalia kwenye kichupa: rangi za jeli, zile za saluni zinazokaushwa kwa taa, hazifai. Hazikauki zenyewe, zinabaki zinateleza juu ya maji. Inayotakiwa ni ile ya kawaida, na ya bei ya chini inaweza kufanya kazi vizuri kuliko ya bei ghali kwa sababu mara nyingi ni nyepesi. Iliyoanza kuwa nzito kama asali haitanuki, inazama kama kokoto.

Mtungi wa maji: hapana

Hapa ndipo video za mitandaoni zinapowapoteza watu.

Mtungi wa udongo unapoza maji kwa sababu unavuja kidogo kidogo. Udongo uliochomwa kwa moto wa wazi, bila tanuri la kiwandani, una vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji yanapenya, yanafika nje, yanaruka hewani, na yakiruka yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana mtungi mzuri una jasho. Usipoona jasho, hakuna ubaridi.

Ukiupaka mtungi huo ngozi ya plastiki, umeziba vitundu. Maji yaliyomo yatakuwa na joto lile lile la maji ya ndoo. Kwa kaya isiyo na friji, au yenye friji lakini umeme wa kubahatisha, huko ni kuharibu chombo kinachofanya kazi ili kipate sura. Mtungi wa maji uachwe.

Chungu cha kupikia pia kiachwe, na sababu yake ni nzito zaidi. Naitroselulosi ikikutana na moto haiungui polepole kama mti. Ndugu yake wa karibu ndiyo ilikuwa baruti ya bunduki mwishoni mwa karne ya 19. Rangi iliyokauka kwenye chungu si baruti, lakini si kitu cha kuweka juu ya mafiga. Itaungua, itatoa moshi mbaya, na mabaki yake yataishia karibu na mchuzi.

Kisha kuna chetezo, na hapa ndipo wengi watajisahau. Chetezo ni kidogo, kinashikika, kinakaa sebuleni wageni wanakiona, na kila mtu angependa kiwe kizuri. Lakini ndani yake kuna makaa mekundu ya kuchomea ubani na udi. Udongo unapata moto mpaka nje. Usikipambe kwa rangi ya kucha hata kwenye kitako.

Vilevile bakuli, kikombe, au chombo chochote ambacho chakula au mdomo unakigusa. Rangi hizi zimetengenezwa kukaa kwenye kucha, hazikutengenezwa kuliwa. Baadhi ya zilizouzwa kwa miaka mingi zilikuwa na toluini, formaldehaidi na dibutili fthaleti, kemikali ambazo watengenezaji wengi wameziondoa baada ya malalamiko ya kiafya. Tangu 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa hiyo kichupa kisicho na jina la mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi ni cha kukiacha dukani.

Kinachobaki bado ni kingi: chungu cha maua, chungu cha mrehani au asumini barazani, chombo cha kuwekea kalamu, funguo au sarafu, mapambo ya meza ya harusi. Vidogo ndiyo vizuri zaidi. Kichupa kimoja cha rangi kina mililita 10 hivi, na chungu kikubwa kitamaliza vichupa vitatu kabla hujafika shingoni.

Kukausha, kazi isiyo na mvuto

Asilimia kubwa ya mafanikio iko kabla ya kugusa rangi, na ndiyo sehemu inayorukwa.

Chungu cha kienyeji kinanyonya maji hata kikiwa kimekaa tu kwenye pembe ya nyumba wakati wa masika. Ukikipaka kikiwa na unyevu ndani, jua likikipiga unyevu unatafuta njia ya kutoka, na njia pekee ni kuisukuma rangi. Inaanza na malengelenge, kisha inabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Kwa watu wa delta kuna tatizo la ziada. Vijiji vingi vya kule vimezungukwa na mikoko na maji ya bahari yanayopanda na kushuka, na visima vingine vina maji ya chumvi. Chungu kilichooshwa kwa maji hayo kinabaki na chumvi kwenye vitundu. Kikikauka, chumvi inatoka nje kama unga mweupe. Unga huo ukitokea chini ya rangi, rangi imekwisha.

Kwa hiyo chungu kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ya mvua ni mazuri kabisa, kisugulie vumbi na masizi kwa brashi. Kisha kianikwe juani siku mbili au tatu, si saa mbili. Kama kina sehemu zenye chengachenga, msasa laini unatosha.

Baada ya hapo inakuja rangi ya chini. Udongo wetu ni mwekundu au kahawia na unameza rangi ya kucha, ya bluu inaonekana nyeusi, ya waridi inaonekana kutu. Rangi nyeupe ya maji, ile ile ya ukutani, mikono miwili, inatatua hilo. Usitumie rangi ya mafuta. Vimiminika vya rangi ya kucha vinaweza kuilainisha, hasa ikiwa haijakomaa, na uso mzima ukajikunja. Ndani ya chungu cha maua usipake kitu. Mizizi inahitaji udongo unaopumua, na ukishaziba nje umeshapunguza nusu ya pumzi yake. Mmea wa kwenye chungu kilichopambwa unamwagiliwa maji kidogo kuliko wa kwenye chungu kitupu.

Sekunde za kwenye ndoo

Tafuta ndoo au kopo la zamani ambalo halitarudi jikoni. Weka maji, lakini usijaze. Chungu kitupu kinaingia na ukubwa wake wote, maji yanapanda, na yakimwagika yanaondoka na rangi yote uliyoipanga. Jaribu kwanza bila rangi: chovya chungu, tazama maji yanafika wapi.

Maji yawe ya kawaida, wala si ya mtungini wala ya kuchemsha. Yakiwa baridi sana rangi inakuwa nzito na haitanuki. Yakiwa moto inakauka kabla hujaichora. Kwa joto la Kibiti la saa nane mchana hata maji ya kawaida yanawahisha mambo, ndiyo maana asubuhi au saa kumi na moja jioni ni wakati mzuri zaidi.

Fungua vifuniko vyote kabla ya kuanza. Inaonekana jambo dogo, lakini ngozi ya kwanza inaanza kukauka ndani ya sekunde chache, na mtu anayehangaika na kifuniko kilichoganda ameshachelewa.

Dondosha tone karibu kabisa na uso wa maji. Ukidondosha kutoka juu linapiga mbizi na kukaa chini. Tone la kwanza mara nyingi halitanuki vizuri, usikate tamaa, la pili na la tatu yanafunguka. Dondosha la rangi nyingine katikati ya duara la kwanza, kisha lingine katikati ya hilo, mpaka yawe kama mviringo wa mti uliokatwa. Rangi mbili au tatu zinatosha. Tano zinageuka matope.

Chukua kijiti cha kuchokolea meno, gusa katikati na vuta kuelekea nje, mara tatu au nne. Usikizungushe kama unakoroga uji. Kingo zilizoshika pembeni ya ndoo zimeshakauka, ziache, zinasaidia kushikilia ngozi isikimbie.

Sasa chungu. Shika kwa ndani kwa vidole vilivyotanuliwa, au kwa kijiti kilichokwama mdomoni mwake, kitako kikiangalia chini. Kama kina tundu la kutolea maji, lizibe kwa selotepu, maji yasipande ndani. Shusha polepole, moja kwa moja, bila kusita katikati, kwa sababu kila ukisita unabaki mstari. Chungu kitakataa kuzama, kitupu kinaelea, kikandamize.

Kikiwa bado majini, fanya kitu ambacho video nyingi hazikionyeshi: kusanya rangi iliyobaki juu ya maji kwa kijiti au kipande cha gazeti. Usipofanya hivyo, chungu kikipanda kitapita tena kwenye ngozi ile na kuvaa nguo ya pili juu ya ya kwanza, yenye mikunjo. Maji yakiwa safi, inua.

Kiweke kifudifudi juu ya chupa mpaka kesho yake. Usikifute, matone ya maji yatakauka yenyewe. Baada ya siku moja pitisha vanishi ya maji. Rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya kung'arisha, inaweza kuyeyusha michirizi uliyoisumbukia na kuiburuta.

Mvuke unaotambaa

Asetati ya ethili inaweza kushika moto hata ikiwa chini ya nyuzi sifuri, achilia mbali joto la Pwani. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini. Unatambaa sakafuni. Jiko la mkaa lililo chini, kibatari kilicho chini, au mtu anayewasha sigara mlangoni, vyote viko njiani kwake.

Kazi hii ni ya nje au barazani. Feni isielekezwe kwenye ndoo kwani itakausha ngozi, lakini hewa ipite. Jiko lizimwe, si kusogezwa. Mjamzito, mtoto mchanga na mwenye pumu wasikae karibu. Asetoni ya kutolea rangi mikononi inashika moto upesi vilevile, ifungwe mara tu baada ya kutumika. Kwa mikono, mafuta ya kula na sabuni vinapunguza kazi yake, na mifuko ya nailoni iliyofungwa viganjani inaimaliza kabisa.

Maji yanayobaki nayo yanahitaji akili. Mazoea ni kumwaga tu, na kwenye delta kumwaga ni mtoni. Vipande vile vya rangi ni plastiki, havitaoza, na vitaishia kwenye matope ya mikoko ambako kamba na kaa wanakulia. Vikusanye kwa gazeti, vikaushe, viende na taka ngumu. Maji yachujwe kwa kitambaa kikuukuu na kumwagwa ardhi kavu, mbali na kisima.

Usifunike kila kitu

Vyungu vya ukanda huu havikuanza kupambwa jana. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1999 kuhusu shanga za Kirumi zilizopatikana delta ya Rufiji, kwenye eneo lenye vigae vya vyungu vya mwanzo wa zama za chuma. Baadaye katika milenia ya kwanza, wafinyanzi wa pwani hii walikuwa wakichora pembetatu shingoni mwa vyungu kabla ya kuvichoma, kiasi kwamba wataalamu wanavitambua kwa pembetatu hizo.

Hata neno Bungu, jina la mji mdogo ulioko kando ya barabara ya Kilwa, kwa Kiswahili ni bakuli kubwa la udongo. Mabungu ni matunda ya porini pia, kwa hiyo asiapie mtu kwamba jina lilitoka kwenye vyombo.

Mwanamke anayefinyanga leo bado anajenga chungu kwa mkono, bila gurudumu, anakisugua kwa jiwe laini mpaka king'ae, na moto unakiachia mabaka meusi ambayo hakuna awezaye kuyapanga. Kukizamisha chote kwenye rangi ya waridi na bluu ni kufuta kazi yake na kubaki na kitu ambacho kingeweza kuwa kopo la plastiki. Kinachopendeza zaidi ni kuchovya theluthi ya chini tu, au upande mmoja kwa mshazari, udongo ukabaki unaonekana juu. Kwa njia hiyo rangi nyeupe ya chini inapakwa sehemu hiyo tu, mpaka wake ukiwekewa selotepu.

Kwa anayefikiria kuuza, hilo lina maana ya kifedha pia. Rangi ya kucha anaweza kuinunua mtu yeyote Kariakoo. Chungu kilichofinyangwa kwa mkono hakipatikani kila mahali, na mnunuzi anayelipa zaidi anataka akione. Vilevile aambiwe ukweli: hiki ni pambo, hakiwekwi maji ya kunywa, hakipikiwi. Ni vizuri kuyaandika maneno hayo kwenye karatasi na kuyabandika chini ya kitako, kwa sababu chungu kikishatoka Kibiti kikafika nyumba ya tatu, hakuna anayekumbuka muuzaji alisema nini.

Jua kali litapausha rangi za waridi na zambarau mapema kuliko bluu na nyeusi, kwa hiyo barazani kikae upande wa kivuli. Ikibanduka kipande, tone moja la rangi ile ile kwa ncha ya kijiti linaziba, kisha vanishi juu yake. Malengelenge yakitokea eneo kubwa, maana yake chungu hakikukauka. Kipige msasa, kirudishe juani, na safari hii kiache siku nne.